Kondoo wa Mwelu Hakuja na Meli

Mwelu Kitavi alipotundika kondoo wake wa kwanza pale Dagoretti Corner, watu walimcheka. Mkamba gani anauza kondoo? Mkamba anajulikana kwa mbuzi. Akifungua bucha, atundike mbuzi wake, supu ya kichwa itokote pembeni, mambo yaishe. Lakini ujanani Mwelu alikuwa amefanya kazi ya kupika katika nyumba moja kule Karen, na huko ndiko alikoonja paja la kondoo lililochomwa taratibu hadi mafuta yakaingia ndani ya nyama. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za mbuzi. Mume wake alipofariki na kumwachia kibanda cha mboga kando ya Barabara ya Ngong, alitoa mboga akaweka ndoano.

"Utafunga kabla ya Krismasi," jirani mmoja mwenye duka la rangi alimwambia.

Krismasi ilipita. Nyingine ikapita. Aliyefunga ni jirani.

Kondoo wake walitoka Kinangop, kwa mwanamke aitwaye Wanjugu, ambaye alikutana naye machinjioni siku zile za mwanzo. Wanjugu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti zito hata jua likiwaka, na mikono iliyozoea kumkamata kondoo kwa mguu wa nyuma bila kumkimbiza. Kila wiki alishuka na pikapu, kondoo wakachinjwa, wakapigwa muhuri, na mchana wakawa wananing'inia kwa Mwelu. Kwenye mlango uliofuata palikuwa na Bramwel, kijana wa Kakamega aliyekuwa na jiko la nyama choma. Mteja alichagua kwa Mwelu, akachomewa kwa Bramwel, akala kwenye benchi lililokuwa la wote wawili. Kwa biashara hiyo Mwelu alisomesha binti zake wawili na akaendelea kuishi katika nyumba ileile ya Woodley aliyoingia akiwa bibi harusi.

Sifa yake ilivuka Dagoretti kwa sababu ya mtu mmoja, Dalmas, mpishi mkuu wa mkahawa uitwao Mkuyu Mmoja, kule Hurlingham. Jumapili moja Dalmas alipita akitoka kanisani, akaketi kwenye lile benchi, akala hadi mfupa ukawa mweupe.

"Mama," alisema hatimaye, akijipangusa mdomo, "hii kondoo yako nitaiweka kwa menyu."

Mwelu alidhani anatania. Lakini wiki iliyofuata gari la mkahawa lilikuja kuchukua mapaja, na haukupita muda Dalmas akamletea karatasi ngumu yenye maandishi ya dhahabu. Katikati, kati ya samaki na kuku, palikuwa pameandikwa: Kondoo wa Mwelu, Dagoretti Corner. Mwelu aliipiga picha akawatumia jamaa wote hadi wale wasiosalimiana naye.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, hadi redio ikaleta habari za mkataba.

Redio ya Mwelu hukaa juu ya friza, na asubuhi hiyo ilikuwa ikisema kwamba serikali imetia sahihi mkataba wa biashara na nchi moja ya ng'ambo, nchi ambayo Mwelu hakuwahi kuiwaza hata mara moja. Matunda ya Kenya yangeingia huko bila ushuru. Kabla habari hazijaisha simu ililia. Alikuwa kaka yake, Kiilu, akipiga kutoka Makueni.

"Mwiitu wa mwaitu!" alipiga kelele. Ndivyo anavyomwita siku zote, kwa Kikamba, binti ya mama yangu. "Umesikia? Maembe! Maembe yetu yanapanda ndege!"

Mwelu alisikia raha. Aliyajua maembe ya Kiilu. Kila msimu nusu yake yalioza chini ya miti, na nusu nyingine yalichukuliwa na madalali kwa bei ya kudhihaki. Alimwambia kaka yake hongera, na alimaanisha. Siku hiyo alimkatia Bramwel mbavu za bure, wakasherehekea maembe ya watu wa Makueni.

Lililokuwa upande wa pili wa mkataba halikusemwa redioni, au lilisemwa haraka na msomaji akapita. Wao wangetufungulia mlango wa maembe, sisi tungewafungulia mlango wa nyama ya kondoo, ushuru ukishuka ngazi kwa ngazi hadi uishe.

Mapaja ya kwanza Mwelu aliyaona ndani ya duka kubwa alikokwenda kununua sabuni. Yalikuwa yamelala kwenye barafu, yamefungwa kwa plastiki ngumu, yote ya ukubwa mmoja kana kwamba yametoka kwenye kalibu. Aliligeuza moja akatazama bei, akalirudisha. Alilichukua tena akatazama tena, akidhani amesoma vibaya. Nyama iliyovuka bahari ilikuwa imemshinda bei kondoo aliyeshuka kutoka Kinangop asubuhi.

Baada ya hapo gari la Mkuyu Mmoja lilianza kuja mara moja badala ya mara mbili, kisha likaacha kabisa. Dalmas alipiga simu, sauti yake ikiwa chini.

"Mama, si mimi. Ni ofisi. Wanasema ile ya barafu iko sawa na ni rahisi."

"Si neno, Dalmas," Mwelu alisema. "Kila mtu ananunua anapotaka."

Na kweli hakumkasirikia. Alikasirika kidogo na dunia, kama mtu anayenyeshewa, lakini hakumtafuta wa kumgombeza. Alipunguza idadi ya kondoo. Sehemu ya pili ya duka, aliyoiongeza mambo yalipokuwa mazuri, akamwachia fundi wa simu. Wanjugu ndiye aliyemtia wasiwasi. Wanjugu alianza kuleta kondoo majike walio bado na umri wa kuzaa.

"Huyu si wa kuchinja," Mwelu alimwambia, akimshika mmoja masikio.

"Kama wana wake hawatanunuliwa, nimweke wa nini?" Wanjugu akajibu. "Kuna mtu anataka kukodi shamba apande viazi. Nimechoka, Mwelu. Mikahawa yote niliyokuwa nayo Naivasha imeacha. Hata Nakuru."

Mwelu alikataa kuwanunua wale majike. Wanjugu alirudi nao Kinangop bila kuaga.

Sasa, ilikuwa siku moja ya kawaida, Mwelu akisuuza msumeno wa mifupa, ndipo mteja mmoja wa zamani, mama wa makamo afanyaye kazi ofisi za Hurlingham, alipochungulia dirishani akicheka.

"Mwelu, jana nilikula kondoo yako kwa Mkuyu Mmoja. Tulikuwa na wageni. Nikawaambia, huyu mama mimi namjua!"

Mwelu aliweka msumeno chini. "Kondoo yangu?"

"Si imeandikwa kwa menyu? Jina lako kabisa."

Bramwel, aliyekuwa akipuliza makaa upande wa pili, anasema uso wa Mwelu ulitulia kwa namna iliyomwogopesha. Alivua aproni nyeupe, akaikunja, akamwambia Bramwel amwangalizie duka, akaenda nyumbani Woodley. Aliporudi kupita hapo alikuwa amevaa gauni la kanisani, la buluu, na viatu vya kisigino.

"Mathe, unaenda wapi?" Bramwel alimuuliza.

"Naenda kula kondoo yangu."

Mkuyu Mmoja ulikuwa umejaa watu wa chakula cha mchana. Mhudumu msichana, mwenye kibandiko cha jina la Ivyne kifuani, alimpa meza ya karibu na dirisha na menyu yenye maandishi ya dhahabu. Jina lilikuwepo palepale, kati ya samaki na kuku. Aliagiza. Chakula kilipokuja alikila chote, polepole, akitumia kisu na uma. Baadaye, bila kuulizwa, alikiri kwa Bramwel kwamba kilikuwa kitamu. Dalmas anajua kupika. Huenda hata wale kondoo wa watu walilishwa vizuri.

Alilipa, akamwomba Ivyne kalamu, kisha akasimama.

"Jamani, habari za mchana," alisema kwa sauti anayotumia kuita watu barabarani. "Samahani kuwakatiza. Mimi ndio Mwelu."

Watu waligeuka. Wengine walitabasamu, wakidhani ni tangazo la biashara.

"Mimi ndio huyo mmeandikiwa hapa. Bucha yangu iko Dagoretti Corner, mnakaribishwa. Lakini hii mkahawa haijanunua hata mfupa kwangu kwa miezi. Hiyo mnakula imetoka ng'ambo kwa barafu. Si mbaya. Mimi mwenyewe nimemaliza sahani. Lakini si yangu, na jina ni langu."

Akainama juu ya menyu yake, akapiga mstari mweusi juu ya jina. Akaenda meza iliyofuata.

"Naomba yako, tafadhali."

Mwanamume wa tai aliyekuwa ameketi hapo alimtazama, akamtazama tena, akampa. Mstari. Meza ya tatu walimpa kabla hajaomba. Askari wa mlangoni alisogea hatua mbili akasita, maana sheria ya kazi yake haikusema lolote kuhusu mama wa gauni la buluu anayekata jina lake mwenyewe. Dalmas alitokea kwenye mlango wa jikoni na kofia yake ndefu. Macho yao yalikutana, akarudi ndani.

Ndipo akaja meneja, Gichuru, kijana mtanashati mwenye saa kubwa. "Madam, tafadhali, tuongee kwa ofisi."

"Tuongee hapa. Ofisi ndiyo ilifanya hii maneno."

"Hiyo ni mali ya mkahawa unaharibu."

"Hiyo," Mwelu alisema, akipiga mstari mwingine, "ni jina nilipewa na nyanya yangu."

Alizunguka meza zote. Alipomaliza alimrudishia Ivyne kalamu, akamshukuru, akatoka kwa miguu yake. Wanaomfahamu wanasema alipofika nje alishika ukuta. Yeye anasema ni visigino.

Mtu alikuwa amemrekodi. Jioni hiyo binti yake Maureen, anayefanya kazi Mombasa, alimpigia simu akicheka na kulia pamoja, maana video ilikuwa imefika hadi kwenye kikundi cha kanisa lao. Kesho yake watu walikuja Dagoretti Corner kumwona tu. Baadhi walinunua. Mwandishi wa habari alikuja na kipaza sauti akamuuliza anaonaje mkataba. Mwelu, akiwa na kisu mkononi na foleni mbele yake, alisema, "Urudi ulikotoka." Hayo maneno mawili yakasafiri kuliko yote aliyosema mkahawani.

Gichuru alikuja mwenyewe kabla wiki haijaisha. Hakuja kugombana. Aliketi kwenye benchi la Bramwel, akakubali chai, akaeleza kwamba mkahawa ungependa kulitumia jina kihalali. Wangemlipa kila mwezi. Mwelu hangehitaji kutundika kondoo hata mmoja. Angekaa nyumbani apumzike, na jina lifanye kazi.

Si kweli kwamba Mwelu alikataa papo hapo, ingawa watu wa Dagoretti wanapenda kusimulia hivyo. Alikuwa na miguu inayovimba jioni, na mwenye nyumba asiyeelewa lugha ya mikataba. Alimtazama Gichuru akipuliza chai yake kwa adabu, akaona kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo likamfanya ajibu bila matusi.

"Nyama ikiharibika huko melini, nani atanuka? Si wewe. Ni Mwelu atanuka. Hapana. Andikeni jina la huyo aliyemfuga, kama mnamjua."

"Tunaweza kuongea na wakili," Gichuru alisema, si kwa kutisha sana.

"Mlete. Benchi lina nafasi."

Wakili hakuletwa. Baada ya muda menyu mpya zilichapwa, na hapo kati ya samaki na kuku pakaandikwa kondoo wa kuchoma, basi.

Vita vilivyomuuma zaidi vilitoka nyumbani. Kiilu alipiga simu, na safari hii hakumwita binti ya mama yangu.

"Mwelu, nimekuona kwa simu ukisema mkataba urudi ulikotoka. Unajua mwaka huu ni mara ya kwanza sijamwaga embe hata moja? Nimeezeka nyumba. Unataka maembe yangu yaoze ndiyo ufurahi?"

"Sitaki yaoze."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kujua ni nani alikaa kwa meza akasema kondoo wa Wanjugu wabadilishwe na maembe yako. Mimi niliulizwa lini? Wewe uliulizwa lini?"

"Sikuulizwa. Lakini nilipata."

"Na mimi sikuulizwa nikakosa. Ingekuwa wewe, Kiilu, ungenyamaza? Wewe niliyekujua tangu ukipigana na walimu?"

Mwelu alisikia jogoo upande wa pili, na mtu akiburuta bati. Kisha Kiilu akakata simu, na kwa miezi kadhaa hawakuongea.

Katika miezi hiyo tangazo lilitokea gazetini kwamba ushuru wa nyama ya kondoo utashushwa tena ngazi moja, na wananchi wanaalikwa kutoa maoni katika jumba moja la mikutano katikati ya jiji. Mwelu alipanda hadi Kinangop, mahali ambapo hakuwa amefika tangu waanze biashara. Alimkuta Wanjugu akimpimia shamba yule mtu wa viazi.

"Mpe nusu," Mwelu alimwambia, kabla hata ya salamu. "Nusu nyingine ngoja. Twende mjini kwanza."

"Mimi na watu wa mjini? Niseme nini?"

"Usiseme. Uje tu uonekane."

Walikwenda. Ukumbi ulikuwa na zulia na maji ya chupa, na walioitwa kwanza walikuwa watu wa makampuni, wakionyesha picha ukutani, wakizungumza Kiingereza kwa raha zao. Wafugaji wa kuku, wauza vitunguu na watu wa kondoo walikaa nyuma, wakingoja. Mchana ulikwisha. Mwenyekiti wa kikao akatazama saa, akasema muda umeisha, na waliobaki watume maoni yao kwa barua pepe.

Watu walianza kunyanyuka kwa manung'uniko kuelekea mlangoni. Wanjugu naye alinyanyuka, lakini alielekea upande mwingine. Alipita katikati ya viti na koti lake zito, akasimama mbele ya meza ya mwenyekiti.

"Mama, tumefunga," mwenyekiti alisema.

"Mimi sina barua pepe," Wanjugu alisema. "Niko na kondoo."

Mtu alicheka. Wanjugu hakugeuka. "Nimetoka kwangu saa tisa usiku. Sirudi nayo maneno yangu."

Mwelu alikuwa amekuja tayari kupigana, maneno ameyapanga tangu Woodley, lakini alijikuta hana haja ya kuyatoa. Alikwenda tu akasimama kando ya rafiki yake. Muuza vitunguu mmoja akaja. Watu wa kuku wakaja. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, mafundi wanakunja nyaya, na pale mbele palijaa watu waliosimama bila kelele. Mwenyekiti aliwatazama, akashusha pumzi, akaketi. Akafungua tena karatasi zake.

Walizungumza wote, mmoja baada ya mwingine. Wanjugu alisema kidogo: kwamba kondoo jike ukimchinja leo, hata mkataba ukibadilishwa kesho hatarudi. Mwelu aliomba mambo mawili. Nyama iuzwe na jina la nchi iliyotoka, kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani anaweza kusoma. Na kabla ya kushusha ngazi nyingine ya ushuru, waende Kinangop wakaulize, si kuita watu kwenye zulia na kuwafungia kikao.

"Na maembe?" mwenyekiti aliuliza. "Mama, unajua wakulima wa maembe wanafaidika?"

"Najua. Kaka yangu ni mmoja wao, na nampenda. Muulizeni na yeye. Mtuulize sisi wawili pamoja, tukiwa kwa meza moja. Hiyo ndiyo haijafanywa."

Mwenyekiti aliandika. Alisema wamesikika. Hadi leo hakuna jibu lililotoka, ushuru umeshuka, na mapaja ya plastiki bado yamelala kwenye barafu za maduka. Wanjugu alibaki na nusu ya kondoo, viazi vikachukua nusu. Anasema viazi havimwamshi usiku, lakini havimfurahishi. Dalmas alikuja dukani siku moja bila kofia, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Mama, siku ile uliniweka pabaya."

"Ulijua jina liko?"

"Nilijua."

"Basi ulijiweka mwenyewe. Unataka nini?"

"Paja. La nyumbani kwangu."

Akamkatia zuri. Kiilu naye alituma ujumbe baada ya kusikia habari za kikao, kwamba wakiitwa kwa hiyo meza moja atakuja, ila asitarajie kwamba atakubaliana naye. Mwelu akamjibu kwamba hajawahi kutarajia hivyo tangu utotoni.

Wakala wa kampuni ya nyama ya barafu hupita kila mara na katalogi yake. Anamwambia Mwelu kwamba mwenye bucha mwenzake fulani ameanza kuiuza, na yule mwingine ameanza, na kwamba ukiiyeyusha na kuitundika hakuna mtu atajua. Mwelu humpa chai, humuuliza hali ya watoto, kisha humwonyesha njia.

Mwezi uliopita alimwita mchoraji, akamwambia aandike ukutani, upande unaotazama steji ya matatu: Kondoo wa Kinangop. Hakuja na meli. Afisa mmoja wa kaunti akapita akasema maandishi yamezidi ukubwa unaoruhusiwa, yafutwe. Mwelu aliyafuta mwenyewe, kwa maji na brashi, mbele ya macho ya afisa. Kisha akazunguka upande wa pili wa jengo, akapima ukuta kwa mikono, akamrudia afisa.

"Na kwa huu," alimuuliza, "mnaruhusu herufi za ukubwa gani?"